Dawa mpya za IBS: ipi ya anayeharisha, ipi ya aliyefunga choo

Swali: Nina miaka 34, nakaa Langoni, Lamu. Huu ni mwaka wa nne tumbo linanisokota na kuniharisha, mara nne tano kabla ya saa tatu asubuhi, tena baada ya kula. Nikishakwenda choo napata nafuu, kisha linaanza upya. Nimepimwa choo mara nyingi nikaambiwa ni ameba, nikanywa Flagyl mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma. Mwishowe nilipelekwa Mombasa, nikapimwa damu na kuingizwa kamera ya utumbo mpana. Wakasema utumbo ni mzima, nina IBS, yaani utumbo unaochokozeka upesi bila kuwa na kidonda. Nimejaribu Buscopan na kuacha pilipili, sijaona la maana. Kaka yangu aliyeko Maskati amesoma kuwa kuna dawa mpya iitwayo linaklotaidi, anataka kuninunulia ya miezi mitatu. Niinywe? Na kuna dawa gani nyingine mpya za kunifaa?

Jibu: Dada, linaklotaidi usiinywe. Dawa yenyewe ni ya kweli, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, na wapo iliowatoa kwenye dhiki. Lakini hao walikuwa wamefunga choo. Kidonge kikishuka kinashika vipokezi vilivyo juu ya seli za ukuta wa utumbo, seli nazo zinamwaga chumvi na maji ndani, choo kinalainika na kusukumwa upesi. Hata miongoni mwa hao waliofunga choo, takriban mmoja kati ya watano kwenye majaribio alipata kuharisha. Wewe ambaye tayari unaharisha, tena kwa joto la Lamu, utaishiwa maji siku hiyo hiyo. Mwambie kaka asinunue. Akiwa amekwisha kununua, boksi lenye jina la Linzess au Constella ndilo hilo hilo, lisifunguliwe.

Kaka hakufanya uzembe. Ameona "dawa mpya ya IBS" akadhani IBS ni kitu kimoja, na ndivyo zinavyotangazwa. Karibu dawa zote mpya zilizotoka tangu mwaka 2000 zimegawanyika pande mbili: hizi za waliofunga choo, zile za wanaoharisha. Dawa ya upande mmoja ukimpa mtu wa upande wa pili, unamzidishia maradhi. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la dawa yoyote, hakikisha uko upande gani, na hilo huwezi kulijua kwa kumbukumbu, maana siku mbaya ndizo zinazokaa kichwani.

Chukua daftari, andika kwa wiki mbili. Kila ukienda choo andika saa, na namba ya sura ya choo kwa jedwali la Bristol, ambalo daktari yeyote analo: namba 1 na 2 ni choo kigumu cha vipande au kilichokazana, 3 na 4 ni cha kawaida, 5 ni vipande laini, 6 ni ujiuji, 7 ni maji matupu. Pembeni andika maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, ulichokula saa chache kabla, na dawa yoyote uliyomeza. Hesabu choo kisicho cha kawaida peke yake: ikiwa zaidi ya robo yake ni namba 6 na 7, na namba 1 na 2 hazifiki robo, basi ni IBS ya kuharisha. Zikizidi robo pande zote mbili, ni ya mchanganyiko, na hapo dawa nyingi nilizozitaja hapa chini zinahitaji mkono mwepesi zaidi. Kwa maelezo yako naona kuharisha, na jibu langu linakwenda kwa msingi huo.

Kuna jambo la pili la kulijua ili usivunjike moyo wala usidanganywe. Katika majaribio ya IBS, watu 30 hadi 40 kati ya 100 hupata nafuu kwa kidonge kisicho na dawa ndani. Nafuu hiyo ni ya kweli, wala hawajifanyi. Neva za utumbo na ubongo zinasemezana muda wote, na mtu akihudumiwa vizuri na kufuatiliwa, maumivu hupungua. Lakini maana yake ni kwamba dawa mpya ikisifiwa kuwa "imewasaidia watu 40 kati ya 100", uulize: na kidonge kitupu je? Mara nyingi tofauti ni watu 10 tu. Tena "kusaidiwa" hapo hakumaanishi kupona. Mamlaka ya dawa ya Marekani humhesabu mtu amefaulu ikiwa maumivu yamepungua kwa asilimia 30 na choo kimebadilika, katika angalau nusu ya wiki za jaribio. Dawa inayomfikisha mtu hapo ni dawa njema, na mimi ningeitaka. Ila anayekuambia itakumalizia ugonjwa kwa boksi moja anakuuzia.

Kwa hali yako, dawa ninayoitanguliza si mpya. Upya ni ushahidi wake. Ni amitriptilini, iliyokuwa madukani tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya huzuni nzito, na ambayo leo inatumika sana kwa maumivu ya neva na kipandauso. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililoitwa ATLANTIS. Watu 463 wenye IBS ya aina zote, wanaotibiwa na madaktari wa kawaida wa familia, ambao hatua za kwanza za chakula, nyuzinyuzi na dawa za msokoto hazikuwafaa (yaani watu wa hali kama yako), waligawanywa: nusu amitriptilini ya dozi ndogo, nusu kidonge kitupu, kwa miezi 6. Kwenye kipimo cha ukali wa IBS kinachokwenda 0 hadi 500, kundi la dawa lilishinda lile jingine kwa pointi 27. Si muujiza, lakini ni nafuu iliyothibitishwa, kwa dawa ya bei ndogo inayopatikana kwenye duka lolote la dawa la maana, Lamu au Malindi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakwenda pole pole. Dozi ya tumbo si dozi ya huzuni. Kwa huzuni watu hupewa miligramu 75 hadi 150. Kwa IBS unaanza na 10, usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala. Ukikaa wiki moja bila tabu na bila nafuu ya kutosha, unapanda 20, wiki inayofuata 30, na hapo unasimama. Mwenye kupata nafuu kwa 10 abaki na 10. Shida ni kwamba vidonge unavyokuta madukani mara nyingi ni vya miligramu 25. Mwombe mfamasia vya 10. Vikikosekana, daktari anaweza kukuandikia nusu ya kile cha 25, ukaongeza hadi kizima baada ya wiki mbili tatu. Usianze na kizima usiku wa kwanza. Utaamka kichwa kizito, utasema dawa imekushinda, utaiacha, na hutajua ingekufaa.

Usiipime kwa siku tatu. Amitriptilini haitulizi msokoto wa leo kama Buscopan inavyotakiwa kufanya. Inapunguza ukali wa ishara za maumivu zinazopanda kutoka utumboni na kupunguza kasi ya utumbo, na hilo linahitaji wiki 6 hadi 8 kuonekana. Ikikufaa, kaa nayo miezi 6 hadi 12, kisha mpunguze hatua kwa hatua pamoja na daktari.

Madhara yake: mdomo kukauka, usingizi, kizunguzungu, kufunga choo. Hilo la mwisho, kwa anayeharisha, ni sehemu ya manufaa, na ndiyo sababu naipenda kwako kuliko kwa aliyefunga choo. Kizunguzungu huja mtu anapoinuka ghafla, kwa hiyo alfajiri ukae kitako kitandani dakika moja kabla ya kwenda kutawadha. Katika ATLANTIS watu 13 kati ya 100 waliacha kwa ajili ya madhara, na kwa kidonge kitupu waliacha 9. Anayeendesha bodaboda au kushika usukani wa boti asiendeshe asubuhi ya siku za mwanzo mpaka ajue mwili wake unaipokeaje. Haifai kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa au aliyepata shambulio la moyo karibuni, mwenye presha ya jicho, wala mzee ambaye mkojo unamkwama. Usiichanganye na tramado, wala na dawa nyingine za huzuni, bila daktari kujua. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unapanga mimba, sema kabla ya kuandikiwa.

Na vidonge vifungiwe juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vidonge vichache tu vya amitriptilini moyo unaweza kusimama. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nyumba zetu zina watoto wengi na dawa huachwa juu ya meza.

Jirani au hata muuza dawa akikuambia "hiyo ni ya wagonjwa wa akili", usirudishe boksi. Jaribio lile lilipima pia wasiwasi na huzuni, na kwa dozi hizi havikubadilika. Tumbo lilipata nafuu bila ya hayo kuguswa. Dawa inafanya kazi yake tumboni na kwenye neva.

Ikikushinda au isikutoshe, inayofuata kwenye orodha yangu ni ondansetroni, ile ile wanayopewa wenye kutapika. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye neva, iko utumboni, na kwa wengi wenye IBS ya kuharisha, ikishatolewa baada ya kula, utumbo hukimbiza chakula kuliko inavyopasa. Ondansetroni huziba aina moja ya vipokezi vya serotonini, choo kinakuwa kigumu kidogo na ile haraka ya kukimbilia msalani inapungua. Majaribio ya Uingereza, moja la mwaka 2014 na jingine la 2023, yameonyesha hilo waziwazi. Maumivu hayakuguswa sana, nalo ni kasoro yake kubwa. Huanzwa na miligramu 4 mara moja kwa siku, ikapandishwa kwa kufuata choo; wengine wanatosheka na 4 kila baada ya siku moja, na kilele kwenye majaribio kilikuwa 8 mara tatu. Ukikaa siku bila choo unaruka dozi.

Tahadhari yake ni ya moyo: inaweza kurefusha muda wa umeme wa moyo kujipanga kati ya pigo na pigo. Amitriptilini inafanya vivyo hivyo, azithromisini na siprofloksasini vilevile, na hata dawa ya malaria ya mchanganyiko tunayoijua kwa jina la Coartem ina onyo hilo. Kwa hiyo ukipatikana na malaria huku unatumia ondansetroni, mwambie anayekutibu kabla hajakuandikia. Na usiunganishe ondansetroni na amitriptilini kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kabla yake, kwa IBS, ilikuwepo ndugu yake mkali, alosetroni. Iliidhinishwa Marekani Februari 2000, ikaondolewa Novemba mwaka huo huo kwa sababu baadhi ya wagonjwa walifunga choo vibaya na wengine damu ilipungua kwenye utumbo mpana hadi ukaumia. Mwaka 2002 ikarudishwa kwa masharti, kwa wanawake wenye hali kali tu. Tegaserodi ya upande wa kufunga choo nayo ilitoka 2002, ikaondolewa 2007 kwa hofu ya moyo, ikarudi 2019, na 2022 uuzaji wake ukakoma. Nazitaja ili ujue kwa nini madaktari hawakimbilii dawa kwa kuwa ni mpya. Madhara adimu huonekana baada ya maelfu ya watu kuitumia.

Rifaksimini huenda ndiyo kaka atakayokutajia baada ya kumkatalia ile ya kwanza, kwa hiyo ujue hesabu yake. Ni antibayotiki isiyofyonzwa kuingia kwenye damu ila kidogo mno; inabaki utumboni. Marekani iliiidhinisha kwa IBS ya kuharisha mwaka 2015. Dozi ni miligramu 550 mara tatu kwa siku kwa siku 14, yaani vidonge 42. Vidonge vinavyouzwa nchi nyingi ni vya 200, navyo vilikusudiwa kuharisha kwa wasafiri, siku 3 tu. Boksi dogo la hivyo halifanyi kazi ya IBS hata ukilimaliza. Kwenye majaribio mawili yaliyochapishwa 2011, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 40.7, na kwa kidonge kitupu asilimia 31.7. Katika jaribio la kurudia, karibu theluthi mbili ya walionufaika dalili ziliwarudia ndani ya miezi minne na ushei. Faida yake ni kwamba gesi na kujaa tumbo hupungua, na madhara ni machache. Mimi naiweka nyuma kwa sababu ya gharama, na kwa sababu ni ya ukoo mmoja na rifampisini tunayoitegemea kwa kifua kikuu. Sipendi kuiona ikinywewa ovyo. Ukiandikiwa, usiianze ndani ya Ramadhani, maana dozi tatu haziwezi kugawanyika sawa kati ya futari na daku. Ugonjwa huu unaweza kusubiri mwezi. Amitriptilini haina tatizo hilo: inywe baada ya tarawehe.

Eluksadolini nitaipita haraka. Iliidhinishwa 2015 kwa kuharisha, lakini mwaka 2017 likatolewa onyo kuwa aliyetolewa kifuko cha nyongo asiiguse kabisa, kwa kuwa kongosho linaweza kuwaka hadi kuua. Kwa mtu wa Lamu sioni haja ya kuitafuta.

Jambo ambalo huenda halikuangaliwa kwako ni nyongo yenyewe. Karibu robo ya wanaoambiwa wana IBS ya kuharisha, tatizo lao ni asidi za nyongo zisizofyonzwa zinazomiminika kwenye utumbo mpana na kuuchokoza. Kuharisha kwa namna hii huwa kwa maji, kwa haraka, na mara nyingi asubuhi au baada ya chakula cha mafuta. Kipimo chake maalumu ni adimu, kwa hiyo daktari anaweza kukujaribu kwa kolestiramini, unga wa pakiti ya gramu 4 uliokorogwa kwenye maji. Ikiwa ndicho kisa, mabadiliko huonekana ndani ya siku chache. Unga huo hushika pia dawa nyingine, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango. Hizo uzimeze saa moja kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye.

Kwa siku ya safari au harusi, loperamidi miligramu 2 nusu saa kabla ya kutoka ni halali na inafaa, tena ni rahisi kupatikana. Haigusi maumivu. Usiitumie ukiwa na homa au ukiona damu.

Sasa zilizo njiani hasa. Kinachonivutia kuliko vyote kimetoka Leuven, Ubelgiji. Mwaka 2021 watafiti wa huko walieleza katika jarida la Nature kwamba baada ya maambukizi ya utumbo, kinga ya mwili iliyo pale pale kwenye ukuta inaweza kuanza kukichukulia chakula cha kawaida kama adui. Seli zinamwaga histamini, kemikali ya mzio, neva za maumivu zinakuwa wepesi wa kuchokozeka, na vipimo vya mzio wa damu vinabaki safi. Hili linaeleza kisa cha wengi walioanza IBS baada ya kuharisha kwa vijidudu. Takriban mtu mmoja kati ya 10 anayepata maambukizi ya namna hiyo hubaki nayo. Wakajaribu ebastini, dawa ya mzio, miligramu 20 kwa siku kwa wiki 12. Walionufaika walizidi wale wa kidonge kitupu, lakini bado walikuwa wachache. Ni njia yenye matumaini, haijawa tiba. Usichukulie kuwa Piriton itafanya kazi hiyo. Kilichopimwa ni ebastini.

Nyingine zilizotangazwa kwa shangwe zimeanguka. Olorinabu, iliyolenga vipokezi vya ukoo wa bangi bila kulevya, haikufikia lengo lake kuu mwaka 2021. Vibegroni, dawa ya kibofu iliyojaribiwa kwa maumivu ya IBS, vilevile. Na kupandikiza choo cha mtu mwenye afya ili kubadili bakteria wa tumbo kulileta matokeo mazuri Norway mwaka 2019, lakini jaribio la Denmark la mwaka uliotangulia liliwapa nafuu zaidi waliowekewa kitu kitupu. Mtu akikutangazia huduma hiyo mtandaoni, kaa mbali.

Walio upande wa kufunga choo na wanasoma jibu hili, mambo yenu kwa ufupi. Anzeni na isapgol ya maduka ya Kihindi, kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, mkiongeza taratibu, kisha makrogoli, unga wa kulainisha choo. Aliyezoea kutafuna mirungi ajue kuwa inafunga choo, na dawa itapigana nayo bure. Yasipotosha hayo ndipo linaklotaidi, mikrogramu 290, mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya chakula cha kwanza. Ikimezwa pamoja na chakula, kuharisha huzidi. Katika Ramadhani, imezwe kwa maji magharibi inapoadhiniwa, uswali, ndipo ule. Ibaki kwenye chupa yake yenye kifuko cha kukausha unyevu, maana hewa yetu ya bahari huiharibu ikihamishiwa kwenye kikasha cha dawa za wiki. Plekanataidi ya 2018 ni ya mfano huo huo. Lubiprostoni, mikrogramu 8 mara mbili pamoja na chakula, hutia kichefuchefu. Tenapano, ya mwaka 2019, inafanya kazi tofauti: inazuia utumbo kufyonza chumvi ya sodiamu, maji yakabaki na choo, miligramu 50 mara mbili, kabla tu ya kula.

Turudi kwako, kwenye ameba. Kwa darubini ya kawaida, ameba anayeleta ugonjwa na mwenzake asiye na madhara wanafanana wanapokuwa wamejifungia ndani ya gamba. Mtaalamu wa maabara akiandika "ameba imeonekana" hajakosea alichokiona, lakini huenda ni yule asiye na neno, anayeishi tumboni mwa watu wazima wengi bila kuwadhuru. Anayetia wasiwasi ni ameba anayetembea akiwa amemeza chembe nyekundu za damu, au kipimo cha antijeni kikimtaja kwa jina. Bila hayo, na bila damu kwenye choo, Flagyl ya mara ya tano haina la kutibu. Ikinywewa kwa wingi huweza kuleta ganzi miguuni. Kipimo ninachotaka uulizie kama hukufanyiwa ni cha giardia, kijidudu kingine cha utumbo, kwa antijeni, kwa sababu huyo hujificha na hutibika. Pia cha seliaki, yaani ugonjwa ambao ngano huumiza utumbo, na cha tezi ya shingo. Na kama unatumia metformini ya kisukari, mwambie daktari: inaharisha peke yake.

Upande wa chakula, pilipili uliyoacha ni sehemu ndogo. Vinavyochachuka zaidi utumboni ni kitunguu maji, kitunguu thaumu, maharagwe, mbaazi, kunde, ngano nyingi ya mahamri na chapati, embe, tikiti, na maziwa ya chai. Anza na maziwa peke yake kwa wiki mbili, kwa kuwa watu wazima wengi wa kwetu hawayameng'enyi. Kisha punguza vilivyobaki kwa wiki 4 hadi 6, halafu rudisha kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, ukiandika kwenye daftari lile lile. Wali, samaki, muhogo, viazi, mayai na ndizi isiyoiva sana havina shida kwa wengi. Mchuzi wa samaki pika kwa tui la pili. Kasimile ni mafuta matupu, na mafuta huamsha utumbo. Mradi usikae na mlo wa kujinyima mwaka mzima. Unaotafutwa ni mchokozi wako mmoja au wawili.

Ukienda kumwona daktari, King Fahd au hospitali ya Malindi ukiwa upande huo, nenda na daftari, karatasi za Mombasa, na majina ya dawa zote ulizokwisha kunywa. Muulize mambo matatu: ninaweza kuanza amitriptilini miligramu 10, moyo wangu unahitaji kupimwa kwanza, na tujaribu kolestiramini? Dawa yoyote kutoka nje, mfamasia aangalie kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu kabla hujaimeza.

Lakini ikiwa choo kimekuja na damu au cheusi kama lami, umepungua uzito bila kukusudia, una homa, kuharisha kumeanza kukuamsha usingizini, au damu yako imepungua, hayo si ya IBS. Nenda siku hiyo hiyo, na kipimo kirudiwe hata kama kamera ya mwanzo ilikuwa safi. Na ukipata maumivu makali ya ghafla huku unatumia ondansetroni, acha dawa kwanza, kisha utoke uende hospitali.